Mkaratusi wa Mama Nabiha

Haya yalimpata rafiki yangu Kiragu, mkata miti wa Waithaka, siku aliyoitwa Parklands kuangusha mkaratusi. Msumeno ulikuwa umemgomea tangu asubuhi, na mwenye nyumba hachoki kumfokea.

"Mti moja siku mzima, Kiragu?"

"Lazima niigonge kwanza, Mama Nabiha! Ikiwa na shimo ndani, itaangukia nyumba yako."

Akaligonga shina mara tatu kwa mgongo wa shoka. Likalia zito, zima. Msumeno ukakubali kuwaka, mti ukaenda chini. Kisiki hakikuwa na hata ufa. Akatupa shoka kwenye pikapu giza likiingia, akitukana kimoyomoyo.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Si mti iko chini?" Mama Nabiha akafoka dirishani. "Sasa unagonga nini?"

Kiragu alikuwa anakunja kamba kwa mikono miwili. Ndani ya kisiki pakagongwa tena, kwa hasira zaidi.