Gari ya Mama Emerance Imekataa Kuwaka

Mama Emerance anaishi mtaa wa Rwambuzi, katika nyumba yenye vyumba vinne na mtu mmoja. Mtu huyo ni yeye. Asubuhi anafagia uwanja, anapika chai ya kikombe kimoja, anakunywa. Mchana anapika sombe kidogo, yale majani ya muhogo, na bado inabaki. Mume wake, Gustave, alikufa mwaka jana. Majirani walikuja kwenye matanga, wakalia naye, kisha kila mtu akarudi kwake. Tangu siku ile, mlango wa uzio wake unabaki umefungwa.

Gustave alimwachia Toyota ya zamani. Inakaa uwanjani chini ya hema. Emerance anajua kuendesha, lakini aende wapi, na nani?

Jumamosi hii mtoto wake wa pekee, Joëlle, alikuwa anafika kutoka Kinshasa kwa ndege ya saa sita. Kwenye simu Joëlle hakuficha neno.

"Mama, nakuja kuona kama unaweza kukaa peke yako. Ukishindwa, tunarudi wote Kinshasa. Na usije uwanja wa ndege. Nitapanda moto, hizi pikipiki za abiria."

"Acha moto zako. Nitakuja kukuchukua mimi mwenyewe, na gari ya papa yako."

Emerance hakutaka kuzeekea katika chumba cha nyuma, kwenye mji asioujua. Alitaka Joëlle amwone ameshika usukani. Hapo nani angesema hajiwezi?

Saa tatu aliingia ndani ya gari, akazungusha ufunguo. Kak-kak-kak. Akajaribu tena. Kak, na taa zikafifia.

Ndani ya nyumba hakuna wa kuita. Akafungua kapo, kile kifuniko cha injini, yeye mwenyewe. Alikumbuka wanavyosema sokoni: batri ikikufa, itilie maji ya chumvi, itaamka. Akaleta kopo la maji na chumvi. Chini ya hema kulikuwa na giza, akawasha mshumaa ili aone ndani ya matundu ya batri. Ninyi mnaojua magari, msimcheke. Mtu akiwa peke yake, anashika neno lolote aliloliokota njiani.

"Mama Joëlle, rudi nyuma na huo mushumaa! Rudi kwanza, halafu uuzime."

Alikuwa Katsuva, jirani wa nyuma, fundi wa malori. Alikuwa juu ya ngazi akipigilia bati za jiko lake, akaona yote. Emerance alirudi nyuma, akazima mshumaa, akaenda kumfungulia mlango.

"Batri inatoa hewa, haionekani," Katsuva alisema. "Moto ukiifikia, batri inapasuka na asidi inakurukia mu macho. Ukitaka kuona, tumia tochi ya telefone. Na hiyo chumvi irudi jikoni. Inaua batri. Maji yake ni yale ya batri, ya kununua mu duka."

"Sikujua, Papa Katsuva."

"Sasa unajua. Ukizungusha ufunguo, inafanya nini?"

"Inagonga-gonga, na taa zinafifia."

"Basi tuanze na batri."

"Niite vijana wasukume?"

"Hii ni otomatiki, mama. Hata wakisukuma mpaka Mbunya, haitawaka."

Katsuva alivaa glavu. Akamwonyesha unga mweupe kwenye vichwa vya batri. "Huu unazuia umeme kupita. Kufungua, unaanza na moins, njo hii ya alama ya kutoa. Kurudisha, moins inakuwa ya mwisho."

Alifunga vifuniko vya matundu yote, akasugua vichwa kwa maji ya moto na ile soda ya kutilia maandazi, akakausha, akakaza nati. Kisha akasimama, akikuna kidevu.

"Lakini iko kitu. Hii gari haitembei. Nani anamaliza umeme? Taa ilibaki?"

"Hapana."

"Mulango ulibaki wazi?"

"Hapana."

Emerance angeweza kunyamaza. Lakini saa zilikuwa zinakimbia, na fundi asiyeambiwa ukweli atatengeneza nini?

"Njo mimi ninaumaliza," alisema. "Kila jioni naingia mule, nafungua radio. Kiti kingali na harufu ya Gustave. Ndani ya nyumba kuna kimya, Papa Katsuva. Kimya kinanimaliza."

Katsuva alitazama chini.

"Na siye tuko hapa nyuma tu," alisema. "Tulifikiri unataka kuachwa." Akakohoa. "Motere ya gari ikizimwa, radio inakula batri na hakuna kinachorudisha. Jioni moja haina neno. Jioni mia, inakwisha."

Alileta gari yake karibu, bila kugusana, akaizima. Akampa Emerance nyaya mbili nene.

"Fanya weye. Siku ingine naweza kuwa safarini. Nyekundu kwa plus ya batri yako, ile ya alama ya kujumlisha. Ncha ingine kwa plus ya yangu. Nyeusi kwa moins ya yangu. Ncha ya mwisho usiweke kwa batri yako. Ibane kwa chuma ya motere, mbali. Cheche ikiruka, iruke kule."

Emerance alifanya, polepole, akitaja kila hatua. Katsuva aliwasha gari yake. Walingoja dakika kumi. Kisha Emerance akazungusha ufunguo, na motere ikanguruma. Alijikuta analia.

"Toa nyaya kwa kurudi nyuma, ya mwisho iwe ya kwanza," Katsuva alisema, kana kwamba hakuona machozi. "Halafu utembee na gari nusu saa bila kuzima. Na kila wiki vilevile. Ikikataa tena, tutaipima. Labda imezeeka."

Emerance alizunguka mji nusu saa, kisha akaegesha uwanja wa ndege. Joëlle alipotoka na sanduku lake, alisimama, akamwangalia mama yake kutoka kichwani hadi miguuni.

"Weye umeendesha?"

"Panda."

Sasa, mbele ya Joëlle, ufunguo ukazungushwa. Gari ikawaka mara moja. Baada ya kona ya pili Joëlle alisema, "Mama, nyumbani ni kule."

"Najua. Batri inataka kutembea."

Walitembea. Joëlle alieleza kazi yake, kisha akauliza taratibu, "Mama, uko peke yako sana?"

"Sana," Emerance alijibu. "Sitakudanganya. Lakini hapa ni kwangu, na papa yako amelala hapa."

Joëlle alikaa wiki moja. Aliporudi Kinshasa, alirudi peke yake. Siku hizi, kila Jumamosi, Emerance anaendesha nusu saa. Mama Fifi, mke wa Katsuva, anapanda mbele, wanaenda sokoni wakibishana bei ya samaki wa Tchomia. Jumamosi nyingine Mama Fifi hana nafasi. Hapo Emerance anazunguka peke yake, na nusu saa hiyo ni ndefu. Lakini anaizunguka yote, hadi mwisho.