Brashi ya Pili

Haya yalimpata rafiki yangu, mpokeaji simu wa hospitali, mgane asiye na mtoto. Wa kumsemesha alibaki farasi wake jike tu. Kwa kuwa alifanya kazi usiku, alimhudumia na kumpanda alfajiri, na mwenye banda alimomweka alikuwa amemwonya: "Bwana, nikimkuta mchafu tena, mtafutie pengine."

Alfajiri hiyo umeme ulikatika. Akaanza kumpiga brashi gizani upande wa kushoto, usingizi umemjaa machoni. Punde akasikia brashi nyingine upande wa kulia, ikienda polepole, sambamba na yake. Akafarijika, akidhani ni mwenye banda.

"Bwana mkubwa, leo umeamkia upande gani hata ukanisaidia?"

Brashi ikaendelea.

Ndipo mwenye banda akaingia mlangoni na taa. "Unaongea na nani, wewe? Usingizi umekulevya?" Akapapasa ubavu wa kulia. "Haya, safi kabisa. Abaki." Akaitundika taa, akaenda zake.

Rafiki yangu hakuwa ameugusa ubavu ule. Akazunguka kuutazama. Hapakuwa na mtu, lakini farasi alikuwa ameegemea huko, amefumba macho, na manyoya yake yaliendelea kulazwa, mstari baada ya mstari.