Mlango wa Nyumba ya Chui

Siku ya Lenah ilianza kwenye bomba la maji. Alipanga foleni na mtungi wake, mtoto wake Bwire akiwa mgongoni. Kisha alirudi nyumbani kufagia uwanja. Saa hiyo mumewe, Wasike, alikuwa njiani kwenda kiwanda cha sabuni kule Industrial Area. Millicent, dada mdogo wa Wasike, alikuwa ameshaketi kwenye cherehani. Alishona sare za shule, na mguu wake haukupumzika mpaka jioni.

Nyumba yao ya Kayole ilikuwa ya mawe, vyumba viwili, na uwanja mdogo wenye ukuta. Wasike aliijenga mwenyewe, kidogo kidogo. Aliipenda kupita kiasi. Ndiyo maana wezi walimuudhi sana.

Mwaka huo wa 1996 wezi waliruka ukuta walivyotaka. Walianua nguo kwenye kamba kana kwamba wao ndio waliozifua. Walibeba kuku wa Lenah, hata yule aliyekuwa ameatamia.

"Tunahitaji mbwa," Wasike alisema.

Na mbwa alikuwepo. Mwezi wa tano jirani wa nyumba ya pili alihama. Aliacha kiti kibovu, ndoo iliyopasuka, na mbwa. Mbwa huyo alikuwa wa kike, mwenye madoadoa, amefungwa kwa waya kwenye nguzo. Mbavu zake zilihesabika. Waya ulikuwa umemkata shingo. Watu walichungulia, wakasema "maskini," wakaenda zao. Millicent tu ndiye aliyemrushia makombo juu ya ukuta.

Jumapili moja Wasike alichukua koleo, akaenda, akaukata ule waya. Mbwa hakubweka. Alimlamba mkono.

Wasike hakufurahi hata kidogo. "Mbwa gani huyu?" alisema. "Mimi nataka mlinzi, yeye analamba watu!"

Alimpa jina la kumtisha mwizi. Alimwita Chui.

Kesho yake wenzake kiwandani walimpa ushauri. Ni ushauri ambao watu wengi wa Nairobi wanauamini, na wanaupeana bure.

"Mfungie gizani mchana kutwa," walimwambia. "Asione mtu. Usiku ndio umfungulie. Buda, huyo mbwa atakuwa moto!"

Wasike alikuwa na mabati yaliyobaki alipoezeka nyumba. Alijenga kibanda cha mabati juu ya sakafu ya simiti. Alitandika gunia moja. Alitia mlango na komeo la chuma. Komeo lilifungwa kabla ya kupambazuka, Wasike akienda kazini. Lilifunguliwa usiku, watu wakienda kulala.

Tusimwite Wasike mkatili. Kila jioni alipitia Soko la Burma, akamnunulia Chui matumbo. Alimpikia kwa mkono wake na kumchanganyia na ugali. Alidhani anamtunza. Hilo ndilo linalouma katika hadithi hii.

Mchana, nyumbani, Millicent alisikia makucha kwenye bati. Kwaru, kwaru, kwaru. Alimwambia kaka yake.

"Anakomaa," Wasike alijibu. "Anakuwa mkali."

"Si umfungulie hata kidogo, apate jua?"

"Wewe shona nguo, Mili. Mbwa niachie mimi."

Usiku mmoja Lenah alipitisha mkono kwenye tumbo la Chui gizani. "Baba Bwire, huyu mbwa amenenepa!"

"Si ni yale matumbo ya Burma?" Wasike alisema kwa furaha. "Na mlisema simtunzi!"

Lenah alicheka. Baadaye alitamani sana kukirudisha kicheko hicho.

Mwezi wa saba ukaja na baridi yake. Jua lilijificha. Manyunyu yalianguka asubuhi na jioni. Watu walivaa sweta juu ya sweta. Kwenye kibanda makucha yalikwaruza kwa nguvu kuliko zamani, siku mbili mfululizo. Kisha yakanyamaza.

"Umeona?" Wasike alisema. "Ameshazoea." Usiku huo Chui hakutoka alipofunguliwa; Wasike alimsukumia chakula gizani, na alfajiri akafunga komeo bila kuchungulia.

Jumamosi asubuhi mtu alibisha hodi. Alikuwa mwanamke, jirani mpya, aliyehamia jana yake kwenye ile nyumba ya pili. Aliitwa Ndindi. Alitoka Machakos, na alifanya kazi katika idara ya mifugo.

"Hodi hapa!"

"Karibu, karibu," Lenah alijibu.

"Asante. Samahani kuwasumbua mapema, mama. Nasikia mtoto wa mbwa analia kwenu."

"Kwetu? Hatuna mtoto wa mbwa. Tuko na huyu mkubwa tu."

Cherehani ilisimama. Millicent aliinuka, akaenda kibandani na kufungua komeo.

Harufu ya ubichi iliwapiga usoni. Nje manyunyu yalikuwa yamekatika, lakini ndani ya kibanda matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati. Gunia lilikuwa limelowa chepechepe. Chui alikuwa amejikunja juu yake. Tumboni pake walilala watoto watano. Alikuwa amewalamba wote mpaka wakawa safi. Wanne walikuwa wamekufa kwa baridi.

Wa tano alifungua mdomo, akalia kidogo.

"Leteni kitambaa kikavu!" Ndindi alisema. "Na chupa ya maji ya moto. Izungushieni nguo, isimchome."

Alimfuta mtoto polepole, kisha akamtia ndani ya sweta yake. Chui hakuuma wala kunguruma. Alimtazama Ndindi tu, akitetemeka.

Wasike alirudi mchana. Alipoona komeo liko wazi, alifoka tangu langoni. "Nani amefungulia huyu mbwa?"

Lenah alimwonyesha gazeti walilowafunikia wale wanne, kando ya ukuta. Wasike alilifunua. Alilifunika tena. Alikaa chini pale pale, na mfuko wa matumbo mkononi.

"Lakini nilimjengea nyumba," alisema. "Mvua haiingii."

"Haiingii, ni kweli," Ndindi alisema. "Lakini bati tupu si nyumba ya mbwa, kaka. Jua likiwaka, ndani panakuwa kama jiko. Baridi ikija, bati linakuwa baridi kuliko hata nje. Pumzi yake inapanda, inagonga bati, inakuwa maji, inamdondokea. Na chini simiti inamnyonya joto."

"Nilitandika gunia."

"Gunia linashika maji. Likilowa, ni afadhali asiwe nalo."

"Nilitaka awe mkali."

"Wengi wanafanya hivyo. Mbwa akifungiwa gizani hawi mlinzi. Anakuwa mwoga, na mbwa mwoga anauma yeyote, hata mtoto wako. Mlinzi ni yule anayewajua watu wake. Anawaona mchana, anawazoea. Akija mgeni, anajua huyu si wetu."

Millicent alikuwa amesimama mlangoni. "Dada Ndindi, nikuulize," alisema. "Wiki hii alikwaruza sana, halafu akanyamaza. Alikuwa anataka nini?"

Ndindi hakutaka kujibu, lakini aliulizwa.

"Mbwa akikaribia kuzaa hutafuta mahali pakavu," alisema. "Hukwaruza chini ili ajitengenezee kitanda. Alikuwa anawatengenezea watoto mahali."

Millicent aliziba uso kwa kitambaa alichokuwa akishona. "Nilimsikia," alilia. "Nilimsikia, na nikaendelea kukanyaga cherehani!"

"Na mimi nilicheka," Lenah alisema. "Mimi mwenyewe nimezaa, na sikuona mimba!"

Angeionaje? Chui alitolewa gizani tu. Lakini Lenah hakutaka kujitetea. Wasike alichukua jembe na kuwazika wale wanne kando ya ukuta, chini kabisa, ili mbwa wengine wasiwafukue.

"Huyu mmoja atapona?" aliuliza alipomaliza.

"Akipata joto la mama yake, atapona," Ndindi alisema. "Akilala kwenye ubaridi tena, hatapona."

Waliwaweka Chui na mtoto wake jikoni, kwenye boksi. Millicent alimpa mtoto jina. Alimwita Julai. Lakini kila mlango wa jikoni ulipofungwa, Chui alitetemeka na kukwaruza. Ulipofunguliwa, alimbeba Julai mdomoni, akatoka naye kwenye manyunyu na kulala kando ya ukuta. Lenah alimrudisha. Chui akatoka tena.

"Anahitaji nyumba yake huko nje," Ndindi alisema. "Lakini ijengwe sawasawa."

Jumapili hiyo Wasike hakwenda kanisani. Alinunua mbao za makreti, na Ndindi akamwelekeza.

"Usiifanye kubwa sana, kaka. Asimame, ajigeuze, ajinyooshe, basi. Ikiwa kubwa, joto lake linapotea. Inua sakafu juu ya mawe, maji yapite chini. Pa kuingilia paelekee ukuta, si huko upepo unakotoka."

"Na haya mabati niyatupe?"

"Usitupe. Paa liwe la mbao, kisha bati lije juu yake, limeinama. Hapo bati litafanya kazi yake."

Lenah alinunua nyasi kavu kwa muuza maziwa, zile anazolisha ng'ombe wake. Walizijaza ndani. Ndindi aliwaambia wazibadilishe kila zikilowa au zikianza kunuka. Karai la maji safi likae pale kila siku. Mama anayenyonyesha ale mara tatu, si mara moja.

Ndindi alikiosha kidonda cha Chui cha shingoni kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kisha akamgeukia Wasike.

"Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata?"

"Sijui. Mwenyewe alihama."

"Kama hujui, hesabu kwamba hakupata. Kesho nitamletea, pamoja na dawa ya minyoo. Julai tutamchanja akifikisha miezi mitatu. Mpaka hapo Bwire asimkaribie Chui. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata kidogo, aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, robo saa nzima. Halafu aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje aone kama atapona."

Jioni nyumba ilikuwa tayari. Ilikuwa nzuri kweli. Wasike alikuwa amepiga randa kila ubao. Na kwa sababu aliogopa baridi, alitia mlango wa mbao wenye bawaba mbili. Komeo alilitoa kwenye kile kibanda cha zamani.

"Sasa hata upepo hautaingia," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu jana.

Alimweka Julai kwenye nyasi. Chui alinusa, akaingiza kichwa, akamchukua mtoto wake na kutoka. Akalala kando ya ukuta. Wasike alimrudisha Julai. Chui akamtoa tena. Manyunyu yalianza. Julai alilia, kisha kilio chake kikapungua.

"Nimemjengea vizuri hivi na hataki!" Wasike alisema kwa uchungu. "Anataka nini tena?"

Aliushika mlango autikise, aone kama una kasoro. Komeo likalia, ka!

Chui alijibana chini. Masikio yalilala, macho yakafumba, mkojo ukamtoka. Julai alikuwa amefunikwa na mwili wake wote.

Wasike aliuachia mlango. Sasa alijua mbwa wake alichokuwa akisikia kila alfajiri, miezi miwili. Yeye alisikia komeo, akashika njia ya kazini. Chui alibaki na ile sauti mpaka usiku.

"Mama Bwire," aliita, "niletee bisibisi."

Alizifungua bawaba, parafujo moja baada ya nyingine. Aliubeba mlango, akautoa nje ya lango kabisa, Chui akitazama. Ndindi aliona, akakata gunia kavu vipande virefu, akavitundika pa kuingilia. Vilizuia upepo, na mbwa alipita katikati bila kusukuma kitu. Kisha wote wakarudi nyuma, mbali.

Chui alikuja polepole. Aliingia. Akatoka. Aliingia tena, akatoka mbio, akageuka kuangalia. Palikuwa wazi bado. Mara ya tatu alimchukua Julai mdomoni. Waliyasikia makucha yake ndani. Kwaru, kwaru, kwaru. Alikuwa anapanga nyasi.

Millicent alilia tena, na mara hii hakujificha.

Julai aliishi. Chui alichanjwa, kidonda kikapona, manyoya yakarudi. Mchana alitembea uwanjani kwa uhuru, lango likiwa limefungwa. Alimjua muuza maziwa na wateja wa Millicent. Mwezi wa kumi na moja mtu alipanda ukuta jioni, nguo zikiwa kwenye kamba. Chui alibweka mpaka majirani wote wakatoka. Yule mtu alishuka upande aliotoka, na kiatu chake kimoja kikabaki. Lenah alifuga kuku tena. Majirani watatu walikuja kuangalia nyumba ya mbwa ilivyojengwa, na Wasike aliwaeleza yote, hata ya wale wanne walio chini ya ukuta. Alisema lazima wayajue.

Lakini baridi ya mwaka uliofuata iliporudi, Lenah aliona jambo. Julai, ambaye sasa alikuwa mkubwa, alilala ndani kabisa kwenye nyasi. Chui alilala pa kuingilia, kichwa nje ya yale magunia, pua ikinyeshewa.

"Baba Bwire, muangalie," alisema. "Ndani kukavu, na bado analala akilinda mlango. Mlango wenyewe hata haupo."

Wasike alitwaa kipande cha ubao, akatoka na nyundo kwenye manyunyu.

"Muache alinde," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuogopa mlango. Ngoja nimwongezee paa lifike pale kichwa chake kinapolala."