Msomaji wa Kiti cha Dirishani

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya mitihani, wakati ambapo maktaba ya chuo hujaa hadi watu wakagombea ncha ya meza. Saa nane mchana mkutubi alisimama mlangoni mwa ukumbi wa kusomea, akaona jambo dogo lisilo sawa. Wanafunzi watano walikuwa wameegemea rafu, madaftari mikononi, ilhali kiti cha dirishani, kile chenye mwanga mzuri kuliko vyote, kilikuwa kitupu.

"Wewe," alimnong'oneza msichana aliyekuwa karibu, "mbona hukai pale?"

Msichana alikitazama kiti, kisha akamtazama yeye. "Pale pana mtu, mama."

"Mtu gani? Ameacha begi?"

"Hajaacha kitu. Pana mtu tu."

Mkutubi alikiendea, akakishika mgongo. Kilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Na palinuka pale, harufu ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi.

Alikwenda kaunta. Mhudumu aliyekaa hapo alikuwa mtu wa mizaha, na chuo kizima kilimwita Bwana Muhuri.

"Bwana Muhuri, kile kiti cha dirishani kina nini?"

"Kina mwenyewe. Tena huyo ndiye msomaji wetu bora, hali, hanywi, hachezei simu." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Utani kando, mama. Mimi vitabu vya upande ule navirudisha asubuhi, watu wakiwapo. Kuna mtu anafunua kurasa pale. Wala hasomi kwa kutulia. Anatafuta."

"Anatafuta nini?"

"Nimuulize mimi? Nimechoka kuishi?"

Mkutubi hakucheka. Alikijua kile kiti, na alimjua aliyekuwa akikikalia.

Miaka mitatu nyuma palikuwa na mwanafunzi wa uuguzi ambaye wenzake walimwita Profesa kwa jinsi alivyopenda kusoma. Alikuwa ameazima kitabu kinene cha maradhi ya macho, nakala pekee ya maktaba. Ijumaa moja alikitia katika sanduku la kurudishia. Mkutubi ndiye aliyelifungua. Wiki ile mumewe alikuwa ameanza kujigonga kwenye miimo ya milango, akilalamika kwamba anaona ukungu. Basi kabla hajaandikisha kwamba kitabu kimerudi, alikitia mkobani akaenda nacho nyumbani. Alikitaka kwa siku mbili tu.

"Umekiandikisha hicho?" mumewe alimuuliza jioni ile, maana alizijua taratibu za kazi yake.

"Jumatatu."

Jumatatu ilikuwa na warsha, Jumanne ikawa na wageni, ikapita wiki, ikapita ya pili, na barua ya kumdai mwanafunzi ikatoka ikiwa na sahihi ya mkutubi mwenyewe. Alipozinduka, Profesa alikuwa amesimama mbele yake na fomu ya kumaliza chuo. Chuo hakimpi mtu cheti mpaka maktaba itie sahihi kwamba hana kitabu chake.

"Naapa, mama, nilikitia sandukuni. Ijumaa."

Bwana Muhuri alikuwa pale akisikiliza. Mkuu wa idara alikuwa pale. Mkutubi alifungua kinywa ili aseme kweli, na kikatoka kitu kingine.

"Kompyuta haisemi uongo, mwanangu."

Alikirudisha kitabu, hilo alilifanya. Lakini kukiweka mahali pake kungezua maswali, kwa hiyo alikisukuma nyuma ya vitabu vya kilimo, akijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kitabu kilicho katika rafu isiyo yake kimepotea kuliko kilichoungua. Profesa alirudi mara tatu kumsihi. Mara ya nne hakurudi.

Hakuwa mwanamke mbaya. Wapo waliomshukuru katika kurasa za mwanzo za tasnifu zao, na walikuwa na haki. Uongo mwingi wa duniani watu hawautungi kwa kukusudia. Huuazima kwa siku mbili, wakasahau kuurudisha.

Sasa, Jumatano ya wiki ileile ya kabla ya mitihani, aliendesha warsha yake katika ukumbi uleule, namna ya kutafuta vyanzo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Aliwasha projekta, akasimama mbele yao na jua limejaa madirishani.

"Nitajieni kitabu chochote," alisema, "tukitafute pamoja."

Sauti kutoka nyuma, ya kijana mpole, ikataja kitabu cha maradhi ya macho.

Hakuna mwanafunzi aliyegeuka. Walikuwa wameinamisha vichwa wote kwa pamoja, kama watu wanaopitiwa na upepo wa vumbi. Harufu ya pasi ikaja. Kisha ikaja sauti ya kurasa, moja, nyingine, nyingine, na mkutubi akainua macho akamwona pale dirishani, amempa mgongo, amevaa shati lile la mistari alilokuja nalo mara ya tatu, analowesha kidole kwa ulimi na kufunua, na kufunua, na kufunua, ingawa mezani hapakuwa na kitabu wala karatasi, na alipotaka kupiga kelele shingo ile ikaanza kugeuka, polepole, ikapita bega, ikapita mahali ambapo shingo ya binadamu husimama, ikaendelea, hadi uso ukamkabili ukiwa juu ya mgongo, na macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe kama ya mumewe nyumbani.

"Nilikitia sandukuni," uso ule ulisema. Midomo haikutikisika.

Alipopata fahamu, Bwana Muhuri alikuwa akimpepea kwa jalada la faili.

"Amekufa," mkutubi alisema. "Yule mtoto amekufa, na mimi ndiye niliyemuua."

Alitafuta namba ya simu katika fomu za zamani, akapiga, akiwa amejitayarisha kutoa pole. Mama mtu ndiye aliyepokea.

"Amekufa nani?" yule mama alishangaa. "Mwanangu yupo. Amekaa hapa ukutani."

"Yupo? Ni... ni mzima?"

"Mzima wa kula, ukimlisha. Tangu siku ile aliporudi kutoka chuoni hajasema neno. Anasoma tu. Anafunua kurasa kutwa, mikononi hana kitu. Wewe ni nani, mama?"

Katika simu, nyuma ya sauti ya mama, mkutubi alisikia kidole kikipita juu ya kitu kikavu. Na ukumbini, nyuma ya mlango uliofungwa, alisikia kidole hichohicho kwa wakati uleule. Alikata simu bila kujibu. Hilo nalo lilimwelemea baadaye.

Katika chumba cha chini palikuwa na fundi wa kujalidi vitabu, mzee wa maneno machache aliyejulikana kwamba marehemu baba yake alikuwa akisomea watu waliopandwa na majini. Mkutubi alimkuta akipaka gundi.

"Mimi si mganga, dada," fundi alisema bila kuinua macho. "Nenda kwa wenye kazi yao."

"Fundi, nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu."

Alimwambia lote. Fundi aliweka brashi chini.

"Baba alikuwa akisema jini hamfuati mwenye kosa. Jini hutafuta palipo wazi, akaingia. Kijana wa watu mlimtoa pale amevunjika, na kilichovunjika hakikutoka naye chote. Sasa mwenzetu, yule jini, amekivaa." Alifuta vidole kwa kitambaa. "Atatoka ukirudisha kile kitabu mahali pake, ukasema ilikuwaje. Mbele ya watu, kama ulivyomnyima haki mbele ya watu."

"Nitafukuzwa kazi, Fundi."

"Yawezekana."

"Na mume wangu haoni tena. Nani atatulisha?"

"Hilo sina dua yake," fundi alisema kwa huzuni. "Ila usikawie. Kinachovaliwa sana huchakaa."

Alikawia siku sita. Alijiambia kwamba anangoja mitihani iishe.

Siku ya saba aliwaita mkuu wa idara, Bwana Muhuri na wanafunzi waliokuwamo. Alikitoa kitabu nyuma ya vile vya kilimo, kimeshika vumbi. Fundi alisimama kando akisoma kwa sauti ya chini. Kurasa zilikuwa zimeshaanza kusikika.

"Kulitokea hitilafu," mkutubi alianza, "katika utaratibu wa kurudisha vitabu..."

Kurasa zikaenda kasi. Madirisha yalitikisika, wanafunzi wakashikana mikono, na harufu ya kuungua ikawa nzito hadi mmoja akatapika. Lakini yeye aliendelea kuzungukazunguka na maneno ya ofisini, utaratibu, hitilafu, mfumo, huku kiti cha dirishani kikijiburuta sakafuni kumwelekea, hatua kwa hatua, miguu yake ikichora saruji, mpaka kikamgusa magoti, akahisi pumzi ya mtu anayemsubiri amalize sentensi.

"Mimi," alisema. "Nilikichukua mimi. Alikirudisha Ijumaa, nikakichukua, nikamwita mwongo."

Aliitwaa kalamu, akaandika katika daftari la vitabu vilivyorudi tarehe ya Ijumaa ile, akakipeleka kitabu katika rafu yake. Harufu ilikwisha kama iliyofungiwa mlango. Kiti kikawa kiti.

Jioni ile mama mtu alipiga namba ile iliyompigia, akilia kwa furaha. Mwanawe ameomba maji.

Mkutubi alivuliwa madaraka, akabakizwa kwa muda amalize makabidhiano. Wiki ya tatu Profesa alikuja na mama yake kuchukua haki yake. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa safi, akamwamkia kwa adabu ileile. Mkutubi alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi kwa siku nyingi, akayasema yote, na kijana akayasikiliza yote.

"Yameisha, mama," alisema.

Mkutubi alimwekea fomu mezani, sahihi ya maktaba imeshakaa chini. "Andika jina lako hapa, mwanangu."

Kijana alishika kalamu. Aliiinamia karatasi muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya mistari, kwa upole, kama mtu anayepapasa kitambaa. Nyuma yake mama yake alikuwa ameuziba mdomo kwa viganja viwili.

"Samahani, mama," Profesa aliuliza. "Hizi alama ni za nini?"

Mkutubi alivuta kiti akakaa kando yake. Aliweka ncha ya kalamu chini ya herufi ya kwanza, akafungua kinywa ili aitamke, akakumbuka zile siku sita alizokawia, na sauti haikutoka.