Jina la Nyungunyungu wa Kilimani

Jumamosi hiyo soko la Pietermaritzburg lilifurika, lakini Nokulunga, gauni la njano na mabuti ya mpira miguuni, aligoma kubanduka kwenye ndoo ya chambo.

"Dada, unanunua au unawasalimia tu?" aliuliza mwenye ndoo, Mfanafuthi.

"Kaka, hawa nyungunyungu umewachimba wapi?"

"Siri ya baba. Kwanza niambie kama umeolewa."

"Una mdomo wewe! Bado."

Kazi ya Nokulunga ilikuwa kuainisha nyungunyungu wa asili kwenye makumbusho. Kwa nje hufanana. Mpaka uwapasue, uone vifuko vya mbegu za uzazi viko pingili ya ngapi. Miezi saba alipanda kilima cha kina Mfanafuthi, na mzee Vusumuzi, baba mtu, akamwonyesha pa kuchimba. "Asiye na mshipi mwilini ni mtoto," alimkanya. "Mwache akue."

Vifuko vya wale wa kilimani vilikaa pingili ambazo hakuna kitabu kilichozitaja. Ilikuwa aina mpya. Kabla haijatangazwa, mzee akafariki.

"Mpe nyungunyungu jina lake, mpenzi," Mfanafuthi alimwomba makaburini. "Baba abaki duniani."

Nokulunga alilia tu. Kijana akadhani amekubali.

Tangazo lilipotoka, nyungunyungu alikuwa amepewa jina la kilima. Mfanafuthi akapiga simu.

"Umemzika baba yangu mara ya pili."

"Mpenzi, nisikilize kwanza..."

"Mpenzi wako nani?" Akakata.

Wiki tatu Mfanafuthi hakupokea simu zake. Ilimuuma kweli, maana alimpenda, na baba alimpenda pia.

Ndipo Nokulunga akaja sokoni, kitambaa kichwani, shali mabegani, macho chini, kama makoti, mke mpya wa Kizulu. Wauza mboga wakanong'ona: makoti wa nani huyu, mbona hatukusikia harusi?

"Nyungunyungu yule nitamtaja kila siku, Mfana. Maabara, darasani, kwenye simu. Tangu lini makoti akalitaja jina la baba mkwe wake, hata akiwa kaburini?"

Mfanafuthi aliweka ndoo chini. "Mimi sijakuposa."

"Umechelewa. Baba aliniuliza kabla hajafa kama nitaingia mji wake niwe mkwe. Nikamwambia ndiyo."

Machozi yalimtoka Mfanafuthi mbele ya wateja, wala hakuyafuta.

"Basi litaje mara moja tu, nilisikie," alisema. "Kesho natuma wazee kwenu."

"Vusumuzi," alisema Nokulunga polepole.

Hakulitaja tena maisha yake yote.