Ukurasa Usiobanika

Ulipita pale. Usinibishie. Siku udongo ulipowafunika watu tisa kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo lililo kando ya uzio wa Kampuni ya dhahabu, ulipunguza mwendo, ukachungulia, ukapandisha kioo kwa sababu ya vumbi. Redio ikasema walipigiwa king'ora cha kulipua baruti, wakakaidi kutoka. Ukaitikia. Miaka mitatu nimekutazama ukitazama pembeni. Leo utaingia ndani na ndugu zao.

Alhamisi, saa 10 jioni. Nyahanga, Kahama.

Chumba cha nyuma, duka la Samia la kuchapisha kadi za harusi. Watu wanne, feni mbovu. Jilala alisimama. Mchimbaji, kiongozi wao. Mdogo wake Bujiku alikuwa mmoja wa wale tisa.

"Kesho saa saba mchana Kampuni inafuta mtambo wake wa zamani wa baruapepe. Barua za wiki ya mlipuko zimo humo. Tukizikosa, ndugu zetu watabaki wakaidi milele."

"Si mzibebe kwa flashi?" Samia aliuliza.

"Matundu yote ya flashi wameyajaza gundi." Huyo ni Asteria. Ameutunza mtambo ule miaka sita. "Zitatoka kwa laini yao wenyewe ya intaneti hadi hapa dukani, na laini inadondosha kama bomba la kijiji. Megabaiti mia nne hazipiti. Arobaini zitapita. Kwa hiyo nazibana. Naongeza mistari miwili kwenye mipangilio, nawasha upya huduma. Kila barua itakayoandikwa baada ya hapo inahifadhiwa imebanwa."

"Na hizi za zamani?"

"Hazijibani zenyewe. Nazihamishia sanduku jipya, zinaandikwa upya, zinasinyaa. Nimejaribu kwa barua za ofisi. Megabaiti kumi zilirudi moja."

Wa nne alikaa karibu na mlango. Deusdedit, mlinzi wa Kampuni, mume wa dada yake Jilala. Ufunguo wa kontena la mtambo uko kwenye mkanda wake.

"Shemeji, mbona kama umemeza kaa la moto?" Jilala aliuliza.

"Nawaza mlango tu."

Ijumaa, saa 6:04 mchana. Geita, ndani ya uzio wa Kampuni.

Wafanyakazi wako kwenye wali maharage. Jilala na Asteria wakaingia wamevaa ovaroli za mafundi wa viyoyozi, hata Asteria asitambulike. Kontena la chuma. Dirisha hakuna. Mlango mmoja. Deusdedit akasimama mlangoni.

Saa 6:11. Mistari miwili imeingia. Huduma imewaka upya.

Saa 6:26. Asteria aliacha kuchapa.

"Mia nne zimekuwa mia tatu na ishirini."

"Ulisema kumi zinarudi moja!"

"Nilijaribu kwa maneno, Jilala. Hizi ni picha. Wasimamizi wa shimoni wanaandika daftarini kwa kalamu, wanapiga picha kwa simu, wanatuma. Barua yenyewe ina neno moja: angalia. Na picha ya simu imeshabanwa tangu kwenye simu. Mashudu hayakamuliwi mara mbili."

"Sasa?"

"Tuchague. Nafungua tarehe yenyewe, siku ya mlipuko."

Saa 6:43. Picha ya kumi na saba. Mwandiko wa haraka: King'ora kibovu tangu Jumatatu. Tumelipua bila king'ora. Mlinzi amekubali kusaini kwamba kimepigwa.

Chini yake, saini yenye mkia mrefu.

Jilala aliijua saini ile. Iko kwenye cheti cha ndoa cha dada yake.

Aligeuka taratibu. "Shemeji. Kilipigwa?"

Deusdedit alitazama buti zake. "Niliambiwa nisaini."

"Bujiku alikula kwako Jumapili ile."

"Michembe ya viazi. Akamaliza sahani, akashukuru: wabeja." Aliushika ufunguo mkandani. "Futa ukurasa huo mmoja. Mmoja tu, shemeji. Hizo nyingine chukueni zote. Dada yako ana watoto wanne."

"Bila huo, nyingine ni karatasi za kufungia maandazi," Asteria alisema, hakuinua macho.

"Ndiyo maana ulikubali kuja," Jilala alisema. "Kuulinda ukurasa wako."

Deusdedit alirudi nyuma hatua moja, akausukuma mlango. Komeo likalia. Kisha sauti yake kwenye redio ya upepo, nje, kavu: "Wezi. Kontena la mtambo. Wawili."

Jilala aligonga chuma kwa bega mara tatu. Chuma ni chuma. Hivi ndivyo Bujiku alivyosikia, aliwaza. Giza, na watu juu wanaoongea.

Saa 6:50. Asteria alisimamisha foleni nzima ya picha zilizokuwa zikitumwa kwa Samia. Akaacha ukurasa mmoja. Akatuma.

Saa 6:52. Nje wamekata umeme; taa zikazimika. Kiyoyozi kikafa. Betri ya akiba ikaanza kulia pii, pii. Joto likapanda mara moja.

"Imefika wapi?"

"Nusu. Usinipumulie shingoni."

Buti zinakimbia kwenye kokoto.

Saa 6:54. Asteria aliweka simu sikioni. "Samia?"

"Imefika. Naisoma... Mungu wangu, huyu mlinzi si yule—"

"Chapisha."

Komeo likalia tena. Jilala aliketi sakafuni, akakunja mikono. Nyuma ya bunduki nne alimwona shemeji yake, akiangalia pembeni.

Kama wewe.

Asteria na Jilala wako mikononi mwa walinzi. Gari la Kampuni limeshaondoka Geita kuelekea Kahama. Mashine ya Samia inatema ukurasa ule juu ya karatasi za harusi, na mlango wake uko wazi kwa sasa tu. Inuka. Nenda uchukue nakala moja. Ibandike sokoni, isome msikitini, isome kanisani, mtilie mkuu wako wa wilaya mkononi na umsubiri amalize. Kioo hicho, kishushe. Sasa hivi.