Koti la Kuazima

Agizo lilimfikia Siafu akiwa na pini nne mdomoni.

"Dada, nguo ya marehemu imeonekana. Isije ikashuka na watu."

Sauti ilitoka kwenye kidude cha kusikilizia kilichozama ndani ya sikio lake la kushoto, kidogo kama punje ya mtama. Siafu akazitema pini kiganjani, moja moja.

"Kaivaa nani?"

"Ningekuwa najua, saa hizi ningekuwa nakunywa chai yangu."

Huyo alikuwa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Alikuwa mkuu wa Idara, mwanamke aliyewahi kumfukuza kazi mume wake mwenyewe, na kwa siku nne alikuwa akimwongoza Siafu kutoka nchi kavu.

Maana ya maneno yake ilikuwa moja tu. Orodha imo melini. Imefichwa kwenye nguo. Meli itafunga gati saa tisa alasiri, na orodha ikishuka, watu thelathini na mmoja watauawa.

Siafu akaitazama Seiko yake. Saa tano na dakika kumi asubuhi.

Watu hao walikuwa mashahidi. Walisimama mahakamani wakawataja wauza silaha kwa majina, kisha Idara ikawapa majina mapya, miji mipya, na uongo wa kuwasimulia majirani. Mmoja wao Siafu alimhamisha kwa mkono wake. Alikuwa mkunga, aliyefichua masanduku ya risasi kwenye stoo ya hospitali, chini ya mablanketi ya wazazi. Siafu alimbebea mtoto mgongoni kwa saa sita, mvua ikiwachapa. Njia nzima mkunga aliuliza swali moja.

"Huko niendako, nitaruhusiwa kumwandikia mama?"

Hakuruhusiwa.

Sasa kuna mtu aliyeiuza orodha ile. Na mnunuzi yumo humu humu, anaogelea na kuota jua.

Melini Siafu alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini kabisa, jirani na mitambo: mashine ya Singer, pasi ya mvuke, na makoti arobaini ya kuazimisha. Meli hii ya kitalii ilikuwa na sheria ambayo abiria waliiogopa kuliko tufani. Ukumbi mkuu wa chakula, mwanamume haingii bila koti na tai, mwanamke haingii bila gauni refu. Asiye na koti huazimishwa.

Makoti yote arobaini alishayafumua bitana na kuyashona upya. Alichokuta ni vijiti vya meno, jino la bandia, na harufu ya makwapa ya wanaume asiowajua. Alinawa mikono mara tatu. Harufu ikabaki.

Saa saba kasoro robo akapanda juu na kijikapu cha sindano, akasimama pembeni ya mlango wa ukumbi kama mtu anayesubiri kuitwa.

Kilikuwa chakula cha mchana cha kuagana. Jua la saa saba, na wanaume mia mbili wamejifunga suti nyeusi hadi kooni. Manukato yalipigana na jasho, jasho likashinda. Mzee mmoja alikuwa amebanwa na mkanda wa tumbo hadi midomo ikageuka zambarau, lakini alikuwa akitabasamu, maana alikuwa ameruhusiwa kuingia.

Mlangoni alisimama mkuu wa wahudumu. Wafanyakazi walimwita Bwana Tai. Alikuwa na rula mfukoni ya kupimia urefu wa magauni, na Siafu alishamwona akiitumia.

Mama mmoja mtu mzima akafika, gauni refu safi, lakini miguu imevimba ndani ya ndala.

"Samahani mama, viatu," Bwana Tai akasema.

"Mwanangu, miguu imejaa maji. Daktari kanikataza kuvaa vya kufunika."

"Basi mama utaletewa chakula chumbani kwako."

"Nimelipiwa safari hii na watoto wangu nije nile na watu."

"Chumbani, mama."

Mama yule akageuka. Akaondoka taratibu, ameshika ukuta. Siafu akapiga hatua moja kumfuata. Akajizuia. Kazi kwanza.

Ndipo akaja mtu wa kaptula.

Kaptula ya kuogelea, bado inachuruzika. Miguu ya manyoya. Fulana iliyonata kitambini. Siafu alikuwa akimwona kila siku tangu safari ianze, na kila siku alizuiwa hapa hapa. Anakaa chumba cha daraja la kwanza, chenye bafu la marumaru na kabati la suti.

Mtu mwenye kabati la suti anakuja kuazima koti. Mara nne.

"Bwana, sheria," alisema Bwana Tai, safari hii kwa upole wa asali.

"Nimesahau tena," mtu wa kaptula akacheka.

Hakumpeleka chini kwa Siafu. Alifungua kijikabati kidogo nyuma ya mlango, akatoa suruali nyeusi, tai, viatu na koti la kijivu lenye doa la mchuzi begani. Koti ambalo halikuwa miongoni mwa yale arobaini.

La arobaini na moja.

Siafu akageukia ukuta, akainamisha kichwa.

"Shangazi. Nimeiona nguo. Kwa nini wapeane huku mbele ya watu?"

"Korido zote zina kamera," Shangazi akajibu. "Ukumbini hakuna. Wakubwa hawapendi kupigwa picha wakitafuna. Atakula, ataingia msalani, atatoa mzigo, atarudisha koti. Una muda wa sahani tatu."

"Naingia."

"Na hayo mavazi yako ya fundi?"

Siafu alishaanza kukimbia.

Chini kwenye kamba palining'inia gauni la kijani la hariri, mali ya abiria aliyetaka lipunguzwe kiuno. Akalivaa, akajifunga na mkufu. Ndani ya mkono akachomeka kichuma cha kufumulia mishono, chenye ncha mbili kama ulimi wa nyoka. Kwenye mkoba akatia kalamu ya Parker. Haikuandika. Ilipiga umeme wa kumlaza ng'ombe.

Dakika nne baadaye alisimama mbele ya Bwana Tai. Kwa siku nne mtu huyu alikuwa akimtupia suruali za kutia viraka. Macho yake yalianzia kwenye pindo, yakapanda kiunoni, yakafika kifuani, yakaishia kwenye mkufu. Usoni hayakufika.

"Karibu sana, bibie."

Ukumbini watu walikuwa wakila kama watakaonyimwa kesho. Maganda ya kambakoche yalirundikana kwenye sahani za dhahabu. Mwanamke wa almasi alitema kitu kwenye leso ya kitani, akaikunja, akamkabidhi mhudumu bila kumtazama.

Mtu wa kaptula alikaa peke yake karibu na nguzo. Alikuwa akivunja makucha ya kaa kwa meno. Siagi ilimtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono, akailamba.

Siafu akavuta kiti cha meza ya nyuma yake. Migongo ikaelekeana.

Akamtazama kwenye kisu cha mezani, alichokisimamisha kama kioo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii haikusitiri hata siri. Mabega yalilegea, mikono ilikuwa mirefu, lakini ukosi nyuma ya shingo ulisimama wima, mgumu, kama uliotiwa mfupa. Hakuna fundi anayeacha ukosi hivyo.

Mkono wake ukapita nyuma ya kiti.

Ncha ya kichuma ikagusa uzi.

Mshono wa kwanza. Wa pili. Mtu wa kaptula akabeua, akanyoosha mkono kuchukua kaa mwingine. Siafu akasogea naye. Wa tano. Wa tisa. Kidole chake kikaingia kwenye unyevu wa shingo ile, kwenye jasho na mafuta ya kujikinga na jua. Hakuutoa mkono.

Akashika kitu laini, akakivuta.

Utepe wa hariri. Mrefu kama mkono, umeandikwa kwa wino, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Majina ya zamani. Majina mapya. Mitaa. Namba za nyumba.

Mkunga alikuwa wa kumi na tisa.

Siafu aliutambua mwandiko kabla hajamaliza mstari. Herufi zilizolalia kushoto, mikia iliyokatwa. Miaka miwili mwandiko huo ulisahihisha ripoti zake kwenye chuo cha Idara kwa wino mwekundu.

Mtu wa kaptula akapeleka mkono shingoni. Akapapasa. Akageuka.

Siafu tayari alikuwa ameinuka, anatembea kuelekea mlango wa jikoni, hana haraka. Nyuma yake kiti kikaanguka.

"Bibie," Bwana Tai akanong'ona alipopishana naye, "wageni hawaingii jikoni."

Akaingia.

Mvuke, sufuria, wapishi kumi na wawili. Mlango ukabamizwa nyuma yake. Mtu wa kaptula alikuwa na kisu cha kauri, kile ambacho mashine za ukaguzi hazikioni.

"Nipe," akasema.

"Njoo uchukue."

Akaruka. Siafu akainama, kisu kikachana hariri ya kijani begani na ngozi kidogo. Akamkanyaga goti kwa pembeni. Jamaa akayumba, kiatu kikateleza kwenye mafuta, na Siafu akamchoma ubavuni kwa Parker.

Umeme ukalia.

Akaangukia pipa la makombo, kichwa kwanza. Maganda, mchuzi uliokwisha kuganda, keki zilizomegwa mara moja zikaachwa. Akabaki humo, suruali imepanda, miguu ya manyoya ikitikisika.

Wapishi walimtazama. Kisha wakamtazama Siafu.

"Hajavaa vizuri," akasema Siafu. "Mfungeni."

Mpishi mkuu akavua aproni, akaanza kumfunga.

Siafu akajifuta mikono, akarudi ukumbini kwa mwenye mwandiko, aliyemwona alipoingia.

Meza ya nahodha ilikuwa katikati, chini ya taa kubwa. Nahodha alikuwa ameitwa juu kuiongoza meli bandarini. Alibaki mzee mmoja anayekula aiskrimu kwa kijiko kidogo. Suti nyeusi isiyo na kunyanzi. Tai ya kipepeo iliyofungwa kwa mkono. Wote chuoni walimwita Mwalimu.

Siafu akakaa mbele yake, damu ikimchuruzika begani.

Mwalimu akaweka kijiko chini.

"Hata shikamoo huna, mwanangu?"

"Hiyo nawapa wakubwa."

Mzee akaona utepe kati ya vidole vyake. Akatabasamu kwa uchovu.

"Mshono ulikuwa mzuri?"

"Ulikuwa mgumu shingoni. Nakala ziko wapi?"

"Nakala ni ushahidi. Niliwafundisha nini?" Akajipangusa mdomo. "Miaka thelathini nilivaa nguo za kuazima, mwanangu. Leo padri, kesho dereva. Kustaafu wakanipa cheti na mwavuli. Nilitaka mara moja tu nikae kwenye meza kama hii, nimevaa changu, watu wanipishe."

"Na mkunga?"

"Mkunga yupi?"

Siafu alimtazama. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, pengine hata kwa huzuni. Hakuna kilichokuja. Alichohisi ni kinyaa, kile cha mtu aliyeinua jiwe akakuta funza.

"Maliza aiskrimu yako," akasema. "Wanakusubiri ngazini."

Meli ilifunga gati saa tisa kamili. Maofisa wanne wa Idara walimshusha Mwalimu na mtu wa kaptula. Bwana Tai alifuata, akilia.

"Mzee aliniomba tu nimsitiri rafiki yake asiye na koti," alisema. "Ningejuaje?"

"Siku nne, hukujiuliza?" ofisa mmoja akamwuliza.

"Mgeni wa daraja la kwanza haulizwi."

Siafu aliuchoma utepe kwenye karai la chuma, mbele ya ofisa mkuu, hadi ukawa majivu. Akavaa suruali yake na shati. Kidude kikalia sikioni.

"Wote thelathini na mmoja wapo majumbani mwao," Shangazi akasema. "Wameshakaguliwa." Kikombe kikagonga kisahani. "Yule mzee alinifundisha na mimi."

"Najua."

"Umekula?"

"Sina hamu."

Akakitoa kidude sikioni, akakitia mfukoni. Nje ya geti la bandari palikuwa na kibanda cha vinywaji. Siafu akanunua chupa ya maji, akasukutua kinywa, akatema kwenye mtaro. Akasukutua tena.

Kisha akavuka barabara, akapotea kati ya watu wenye ndala.